Pale Wanaume Wasipofika

Nilijifunza kufinyanga vyungu kwa sababu ya hasira. Wenzangu watakuambia walirithi kazi hiyo kwa mama zao, au waliona chungu kizuri sokoni wakakitamani. Mimi nilikuwa natafuta mahali ambapo mwanamume hawezi kukanyaga, na katika Ukambani ya miaka ile ya thelathini mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu, penye udongo wa vyungu. Kwetu mwanamume hasogelei shimo la udongo. Hasogelei wanawake wakifinyanga, wala moto wakichoma. Akisogea, vyungu vinapasuka. Ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyetaka kujaribu, maana chungu kimoja ni kazi ya siku nyingi na mgongo kuuma.

Ngoja nieleze hasira yenyewe ilitoka wapi, usije ukadhani nilizaliwa nayo. Mama yangu alisema nilizaliwa nayo, lakini mama yangu alisema mengi.

Nilikuwa nimeolewa kwetu huko huko, upande wa Tseikuru, kaskazini ya Kitui, nchi ya mifugo na vumbi. Mume wangu nilimpenda. Nalisema wazi, kwa sababu nasikia vijana wakidai eti sisi wa zamani hatukupendana, tulisukumwa tu na mbuzi wa mahari. Uongo mtupu! Nilimpenda hata nikisikia ng'ombe wake wakirudi jioni, naacha chakula kiungue. Alikuwa mtu wa kucheka, na alipiga mluzi mzuri ambao mifugo yote iliufuata. Nami niliufuata, kusema kweli.

Mvua zikaja, nikaenda kwa baba kumsaidia mama palizi, kama ilivyo desturi. Asubuhi moja nikamwona mume wangu anakuja na wajomba zake wawili. Ai, moyo wangu! Nikajua amechoka kulala peke yake, amekuja kunichukua. Nikakimbia kukoroga uji wa mawele. Nikatoa kibuyu kizuri, kile chenye mapambo, nikajipaka mafuta usoni, nikatoka mwendo wa pole pole ili nisionekane nina haraka. Alipokea uji kwa mikono miwili, akaniambia asante, tena kwa upole.

Baadaye baba aliniita. Hakuniangalia. Akasema, "Kafungue zizi."

Kwetu mume akija kwa mkwe kuchukua mbuzi wa mahari aliyotoa, ndoa imekwisha. Hakuna kesi, hakuna hotuba. Mbuzi wanarudi kwao na mwanamke anabaki kwao. Kwa hiyo niliposikia neno zizi nilijua, na bado nikaenda nikafungua, kwa sababu baba ameniambia. Nikasimama nimeshika mti wa mlango, mbuzi wakapita mbele yangu. Wote nilikuwa nawajua, wengine nilikuwa nimewachunga mwenyewe. Akawapigia mluzi wake, wakamfuata wakiruka ruka kwa furaha, hao wakaenda.

Nilipookota kibuyu pale uwanjani kilikuwa kitupu. Uji aliumaliza wote. Mpaka leo jambo hilo likinijia nakasirika upya. Mtu amekuja kukuvunja moyo, basi angalau abakize uji!

Watu walitaka niwape sababu kubwa. Walitaka niseme nililogwa, au mama mkwe alikuwa mbaya. Mama mkwe wangu alilia kuliko mimi. Sababu ilikuwa ndogo kabisa, mume wangu alikuwa ameona msichana mwingine. Basi. Msichana mwenyewe wala hakuwa mzuri sana, lakini naona hapo nisiendelee, nitasema uongo.

Sikuweza kubaki Tseikuru nikiusikia ule mluzi kila jioni upande wa pili wa bonde. Nikafunga mzigo, nikavuka mto Athi na kundi la wanawake waliokuwa wakienda kubadilisha ngozi kwa nafaka, nikaenda kwa mama mdogo wangu, mdogo wake mama, karibu na Matiliku. Alikuwa mjane, mfinyanzi, mvuta ugoro, na mdomo wake haukujua kupumzika. Alinipokea, akanilisha muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na maharagwe mpaka nikashindwa kuinuka, halafu akasema, "Sasa lia."

"Sitaki kulia," nikamwambia. "Nataka kwenda mahali pasipo na mwanamume."

"Basi kesho tunaenda kuchimba udongo."

Sikuwa na kipaji. Vyungu vyangu vya kwanza vilikuwa vimepinda, na mama mdogo alivipa majina ya jamaa zetu waliokuwa na shingo fupi. Lakini niliipenda kazi ile tangu siku ya kwanza, na kuipenda kwenyewe kulinishangaza, maana nilikuwa nimejiapia kutopenda kitu tena. Udongo tulichimba kwenye ukingo wa mto, tukauanika, tukautwanga, tukachanganya na mchanga. Chungu chetu hakianzii chini. Unaanza na mdomo, unashuka shingo, unashuka tumbo, halafu unakiacha kikauke kidogo juu ya majani, kikiwa hakina kitako. Kesho yake ndipo unakigeuza kichwa chini na kukiziba. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilimwambia mama mdogo huu ni wazimu. Akaniambia kama nina njia bora niende nikawafundishe marehemu bibi zake.

Nikakaa. Mwaka ule nzige walipita wakala mawele na majani ya paa, na watu walipata njaa, nasi tukauza vyungu kwa kikombe cha unga. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri. Wachumba walitumwa kwa mama mdogo, maana sikuwa na sura mbaya na mikono yangu ilikuwa inajulikana. Wote niliwakataa. Mmoja alituma dada yake mpaka penye udongo kunibembeleza, nikamwambia amwambie kaka yake aje mwenyewe tuone kama hatapasuka yeye. Mama mdogo alicheka, lakini usiku ule alikuwa kimya, na mama mdogo akinyamaza ujue kuna jambo. Kesho yake aliniambia, "Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini huyo wa ung'ongo hushtuka akapita. Wewe umeshtuka umekaa chini."

Nilimjibu vibaya. Sitarudia nilichosema.

Mwenye punda alikuja wakati huo. Alikuwa Mkamba kama sisi, mkulima wa ng'ambo ya kilima, mtu wa kanisa, na mke wake alikuwa amekufa. Alikuwa na punda wake wa kubeba mizigo, akapatana na mama mdogo awe anachukua vyungu vyetu kila siku ya soko, avipange kwenye majani makavu ili visivunjike, avifikishe Matiliku. Mpaka wa wanaume tulikuwa tumeuweka kwenye mti mmoja wa miiba, mgunga, juu ya ukingo. Mama mdogo alitundika hapo shingo ya chungu kilichovunjika, na kila mwanamume wa eneo lile alijua hapo ndipo anapogeuka. Mwenye punda alisimama hapo, akapiga kelele: "Hodi penye udongo!"

Mama mdogo ndiye aliyepeleka vyungu mpaka kwenye mgunga, na kurudi, na kupeleka vingine, huku akilalamika kuhusu magoti. Mimi sikupeleka. Nilimwambia nitafinyanga, nitachoma, nitachimba hata zamu yake, lakini kwenda kuongea na wanaume ni kazi yake. Sokoni pia sikwenda. Kutoka nilipokaa mpaka kwenye mgunga ilikuwa mwendo wa jiwe ukilirusha kwa nguvu. Najua, kwa sababu nilirusha.

Siku hiyo ya kwanza alinisalimu kwa sauti: "Dada, hujambo? Leo umefinyanga nini?"

"Chungu," nikamjibu. "Ulidhani ng'ombe?"

Akacheka. Nikachukua donge la udongo nikamrushia. Likaanguka katikati ya njia. Akaliangalia, akasema, "Hilo limekauka. Ongeza maji, pengine litafika."

Lo! Mama mdogo alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Nikaapa moyoni kwamba mtu huyu sitamjibu tena maisha yangu yote. Siku ya soko iliyofuata aliuliza tena, "Dada, leo umefinyanga nini?" nami nikajikuta namwambia mtungi.

Ikawa ndiyo tabia. Aliuliza, nikamjibu kwa ukali, akarudisha, nikarudisha. Yote kwa kupiga kelele, mimi nimekaa na udongo magotini, yeye kule juu na kofia yake kubwa aliyoivuta mpaka machoni. Watu waliokuwa wakipita njiani walisikia kila neno. Alinieleza habari za soko, nani ameleta madebe ya bati akisema vyungu vimepitwa na wakati, na jinsi maji ya debe yalivyochemka juani mpaka mwenye debe mwenyewe akaja kununua mtungi. Alinieleza habari za mtama wake na ndege. Nami nilianza kuweka maneno akiba katikati ya juma, jambo nikiliona nasema hili nitamwambia mwenye punda. Sikuiita mapenzi. Niliita mazungumzo. Mazungumzo hayana hatari, nilijiambia, mradi mtu yuko kule na mimi niko huku.

Halafu punda wake mmoja akafa, akasema anaenda Tseikuru kununua mwingine kwa wafanyabiashara Waislamu wa mifugo, wale wanaoshuka kutoka kaskazini mashariki na wanyama wao. Niliposikia jina la Tseikuru mikono yangu ilisimama. Sikumwambia kitu. Mama mdogo ndiye aliyemwambia, bila shaka, pale kwenye mgunga, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika mpaka Kiboko kule barabarani. Alimweleza yote, mbuzi na kibuyu na uji. Nilitamani shimo la udongo linimeze.

Aliporudi baada ya majuma mengi, na punda mpya mwenye masikio marefu na roho mbaya, alipiga hodi yake. Akasema, "Baba yako anakusalimu. Mama yako pia. Wote wazima, na huko mvua imenyesha."

Nikashukuru. Nikaendelea kulainisha chungu kwa kipande cha kibuyu. Nikakilainisha mahali pamoja tu, mpaka karibu kitoboke. Mwishowe nikashindwa. "Umemwona?"

"Nani?"

"Wewe, usinichezee."

"Nimemwona," akasema. "Ana kipara."

"Kipara?"

"Kipara cha kung'aa, dada. Unaweza kujitazama. Na wake zake wawili walikuwa wakigombana katikati ya mnada, mbele ya wateja, na yeye alikuwa amejificha nyuma ya ngamia. Ngamia akasogea."

Hilo neno, ngamia akasogea, ndilo lililonimaliza. Nilicheka mpaka chungu kikapinda mikononi. Nilicheka nikalala chali penye udongo, na mama mdogo akaja kuniangalia kama ni kicheko au ni kifafa. Nilikuwa nimemhifadhi mtu yule kichwani miaka yote hiyo akiwa na nywele zake na mluzi wake, na kumbe maisha yalikuwa yanamwendea kama yanavyotuendea sisi wote. Sikufurahia shida zake. Au nilifurahia kidogo. Lakini jioni nilipokuwa nikiosha miguu niliitafuta ile hasira yangu mahali pake pa kila siku, sikuiona, na hapo nikaogopa. Nilikuwa nimeizoea. Bila hasira, mtu kama mimi angejilinda na nini?

Nikajijibu, mwiko bado upo. Mgunga bado upo. Nikalala vizuri.

Basi, hata hilo halikudumu. Mwalimu wa kanisa, kijana mwenye bidii na kola safi, alikuwa amehubiri kwamba miiko ya vyungu ni giza, na kwamba mtu aliyeokoka hapaswi kuogopa chungu. Siku tuliyokuwa tukichoma, moto umeshawaka na vyungu viko ndani ya kuni na samadi, tukamwona anashuka kwenye ukingo. Akapita mgunga! Wanawake waliokuja kuchoma nasi wakapiga kelele. Mama mdogo akashika kichwa. Mwalimu akaja mpaka kando ya moto, akasimama pale akikohoa moshi, akaomba sala ndefu, akatuaga kwa heshima, akapanda akaenda zake.

Tulitega masikio tukisubiri ile sauti, maana kila mfinyanzi anaijua sauti ya chungu kikipasuka motoni. Hatukuisikia. Tulipoondoa majivu, vyungu vyote vilikuwa vizima, vyekundu, vizuri kuliko vya mwezi uliopita. Wanawake waliangaliana. Mmoja akamwuliza mama mdogo, "Sasa?"

Mama mdogo akavuta ugoro wake, akafikiri. "Mwiko ni wa wanaume," akasema. "Yule si mwanamume. Yule ni mwalimu."

Tulicheka, lakini habari ilienea. Baada ya hapo wanaume wakaanza kushuka mmoja mmoja kuangalia, kama watoto walioambiwa chumba hakina nyoka. Vyungu havikupasuka. Nami nikajua siku ya soko inakuja, na mwenye punda ni mtu wa kanisa, na hakuna tena kitu cha kumzuia.

Siku hiyo nilifagia penye udongo. Mtu gani anafagia udongo? Nilifagia. Nilibadilisha kitambaa cha kichwa, nikakivua, nikakivaa tena. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali ya kumfukuza, na maneno mengine ya kutumia iwapo yale makali yatakataa kutoka. Nikasikia kwato. Nikainama kwenye chungu changu kama mtu mwenye kazi nyingi.

"Hodi penye udongo!"

Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama kwenye mgunga, pale pale pa kila siku.

Nilikasirika! "Kwani miguu yako imevunjika?" nikampigia kelele. "Mwalimu wako amepita hapo. Nusu ya wanaume wa Matiliku wamepita hapo. Hukusikia?"

"Nimesikia," akasema. "Wao walipita kwa ajili ya vyungu. Mimi nasubiri mwenye vyungu aniambie nipite."

Ilikuwa kazi ya neno moja tu, nami nilikuwa nalo mdomoni. Pita. Mtoto mdogo analisema. Nilifungua mdomo, halafu nikaona zizi, nikaona mkono wangu umeshika ule mti wa mlango, nikaufunga mdomo. Nikainama nikaendelea na chungu. Alisubiri. Mama mdogo alipeleka vyungu, akarudi, akapeleka, na kwa mara ya kwanza hakulalamika kuhusu magoti. Punda wakaondoka.

Ikawa hivyo siku nyingine za soko, akiuliza nimefinyanga nini, nami nikimjibu kwa kifupi, kama mtu anayejibu karani. Nilijichukia. Udongo nao uliniona, maana kazi yangu ya siku zile ilikuwa mbaya.

Halafu akaja siku moja amevaa shati jeupe, shati lake la Jumapili, na haikuwa Jumapili. Hakuuliza nimefinyanga nini. Alisema, "Dada, nahamia Kiboko. Kuna barabara ile kubwa, wasafiri ni wengi na mizigo ni mingi. Nimepata mahali pa kujenga. Mavuno yakiisha naondoka na punda wote, na sitakuwa nikirudi huku kila juma. Sasa nauliza mbele ya mama yako mdogo, maana huku hatuna siri. Ukinikubali, nitatuma wazee Tseikuru kwa baba yako na mbuzi."

Angesema kitu kingine chochote! Angesema ng'ombe, angesema asali. Nilisimama na udongo ukadondoka magotini.

"Mbuzi!" nikapiga kelele. "Mbuzi gani? Mbuzi wanaenda na mbuzi wanarudi! Mimi nimewafungulia zizi kwa mkono wangu huu! Utaniambia nini? Utaniapia hutakuja siku moja na wajomba zako unywe uji wangu? Niapie basi! Wewe mtu wa kanisa, niapie!"

Nilingoja aape. Wanaume wote huapa. Nilikuwa tayari kumwita mwongo.

"Siapi," akasema.

Halafu alikasirika. Sikuwahi kumsikia akikasirika, na sauti yake ilibadilika, ikapanda juu. "Unadhani wewe peke yako ndiye uliyeumizwa katika nchi hii? Mke wangu alikuwa mzima na mimi nilikuwa mzima. Ugonjwa ukaingia nyumbani kwetu, ukamchukua yeye na kuniacha mimi, na haukuniacha kama nilivyokuwa. Nani aliniapia? Unadhani nasimama kwenye mti huu kwa heshima tu? Naogopa! Mti huu umenisitiri mimi kuliko wewe! Kila juma nasema leo atanikataa kabisa nipumzike, na kila juma nafurahi hujanikataa na hujaniita. Nimechoka kufurahi hivyo!"

Alipomaliza alikuwa anahema. Punda mpya aliinua masikio. Mama mdogo, aliyekuwa katikati ya njia na mtungi kichwani, alisimama hapo hapo, hajui aende mbele au arudi, akiniangalia mimi, akimwangalia yeye.

Nami nilikuwa namwangalia mama mdogo. Kila siku ya soko tangu mwenye punda aje, yule mama mzee mwenye magoti mabovu alikuwa akienda kwenye mgunga na kurudi, akienda na kurudi, mbele ya macho yangu. Mwiko ulimkataza mwanamume kuja. Hakuna mwiko uliowahi kumkataza mwanamke kwenda. Nilikaa pale miaka nikingoja niwe na nguvu za kumwambia mtu aingie, na njia ya kutoka ilikuwa wazi siku zote.

Nikaenda. Sikunawa mikono. Nilimpita mama mdogo, na nilimsikia akinong'ona, "Ngai, Mungu wangu," taratibu asije akanishtua. Njia ilipanda zaidi kidogo kuliko nilivyodhani. Sikuwa nimepona. Nalisema kwa sababu watu hungoja wapone kwanza. Nilikuwa naogopa vile vile kama siku ya kwanza, ila nilikuwa natembea.

Nilipofika kwenye mgunga nilimshika shati, ili nisirudi. Shati likaingia udongo wote. Na hapo tu, kwa mara ya kwanza, nikamwona uso. Nilikuwa nimempenda mtu ambaye sijawahi kumwona vizuri. Chini ya ile kofia uso wake wote ulikuwa umeliwa na makovu ya ndui, mashavu mpaka shingoni, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Mama mdogo wangu, mwenye kusema kila kitu duniani, hilo hakuwahi kulisema.

Hakugeuza kichwa. Alivua kofia, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Basi umeniona," akasema.

"Nimekuona," nikamwambia. "Watume wazee. Na sasa kampokee mama mdogo ule mtungi, amechoka kusimama."